Chai ya Kwanza

Tarehe 3 Septemba

Shangazi,

Nimeacha kumeza vidonge. Sijamwambia mtu yeyote. Hata Mungu sijamwambia kwa maneno, ingawa ni kwa ajili yake.

Nimeandika hilo kwanza kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu ningemaliza na salamu, na bahasha ningeifunga ikiwa na habari za mvua tu. Sasa limeshatoka. Shikamoo, shangazi. Hujambo huko kambini, jikoni kwako?

Huku wote wazima. Baba anakusalimu, au angekusalimu kama angejua nakuandikia. Juzi lifti ya jengo la bima ilikwama tena na watu ndani, akaitwa akiwa na tonge mkononi. Unajua anavyofanya: kabla hajafungua mfuko wa spana anaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, anawaambia, "Msiogope, niko hapa." Alirudi hoi, na bado akapanda ngazi zote mpaka kwetu juu kwa miguu. Mama anamcheka, fundi wa lifti asiyepanda lifti. Yeye anajibu, "Mimi nazijua zilivyo ndani." Mama bado anafua mashuka ya hoteli, ananuka sabuni hata siku ya kupumzika. Mdogo wangu Kibiriti ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi kupitia pengo. Anaupiga nje ya mlango wa bafu kila nikiingia asubuhi, mpaka nimfokee ndiyo anyamaze.

Haya, nirudi.

Unakumbuka jioni ya mwisho ya kambi, tulivyokaa kuzunguka moto, kila mmoja na jiwe lake la mtoni alilotembea nalo mfukoni mchana kutwa. Kiongozi wetu, yule tuliyembatiza Bwana Gitaa, alisema: "Kile unachokishika kwa nguvu kuliko vyote, mwachie Mungu." Wakaenda mmoja mmoja kuweka mawe chini. Wengine walitaja wanachoacha: hasira, wivu, baba aliyeondoka. Mimi nilipofika nilisema "asante" nikarudi kukaa, wote wakadhani ni ile aibu yangu ya siku zote. Kumbe moyoni nilikuwa nimeweka vidonge pale chini.

Maana hivyo ndivyo ninavyovishika kuliko vyote, tangu nianze kuanguka. Jina la ugonjwa wenyewe siliandiki. Kwa lugha ya shule lina sauti nzuri, kama jina la ua. Kwa Kiswahili naliogopa. Nyumbani halitajwi, baba alishasema ya ndani yabaki ndani, na shuleni hakuna anayejua.

Na kuna jingine. Shuleni tunaomba kwa lugha ya shule, na kwa lugha hiyo naweza kusema chochote, hakiniumi. Wewe kambini ulituambia kila mtu aombe kwa lugha anayolilia. Nikaomba kwa Kiswahili, nikasikia kama nimevuliwa sweta kwenye baridi. Halafu nikasikia kuna mtu. Sijui niseme vipi, shangazi. Kuna mtu alikuwa ananisikiliza na hakuwa na haraka. Tangu siku ile naogopa kumpoteza kuliko ninavyoogopa kuanguka. Kwa hiyo nilichomwachia siwezi kumnyang'anya tena.

Kila asubuhi mama ananiwekea kidonge kwenye kisahani. Nakiweka chini ya ulimi, nakunywa maji, natabasamu, nakwenda bafuni nakitema. Kisha siku nzima natembea kama mtu aliyebeba yai.

Usimwambie baba. Akijua, Desemba sirudi kambini. Barua hii nampa yule dereva wa gari la mikate anayeleta mikate kwenu. Simu sina, na ya baba unaijua, anaiweka sauti kubwa nyumba nzima isikie.

Ni mimi, binti wa kaka yako.


Tarehe 10 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, goti ndilo linajiona limezeeka peke yake. Kambi imekuwa kimya tangu muondoke, mpaka nasikia panya wakigombana kwenye ukumbi. Wametafuna ngozi ya ngoma kubwa. Bwana Gitaa bado yuko, anashona mahema mliyochana, na anashona vibaya. Hema lenu lina kiraka kama bendera.

Barua yako nilisoma nimesimama, trei ya mikate mkononi. Sikukaa. Nilipanda moja kwa moja mpaka kwenye tanki la maji, huko ndiko simu inakoshika, nikampigia baba yako. Ulikuwepo, ulisikia. Lakini nataka nikuandikie nilivyosikia mimi.

"Dada! Subiri nikuweke sauti kubwa."

"Usiniweke popote. Nipe binti yako."

"Yupo hapa anakusikia, sema tu. Mama Kibiriti, njoo umsalimie wifi yako!"

Na mama yako akasalimia, na huyo Kibiriti akapiga mluzi sikio likaziba. Nikakosa mdomo, mwanangu. Watu wote wale wananisikiliza. Nikakuuliza wewe, "Mama, umekunywa chai ya kwanza?" Ukasema, "Ndiyo, shangazi." Baba yako akacheka, "Chai ya kwanza, chai ya pili! Dada, wewe vikombe vitakuua."

Hiyo "ndiyo" yako niliisikia. Haikuwa na miguu ya kusimamia.

Unajua nilichokuwa nakuuliza. Kila asubuhi ya kambi, kabla ya wimbo, kabla ya sala, kila mtu anapewa kikombe, mwenye dawa na asiye na dawa, na mwenye dawa anaimeza humo humo bila kutazamwa. Hakuna anayefungua mdomo kuomba mpaka vikombe vyote viwe vitupu. Kambi nzima ulikunywa chai hiyo mbele ya macho yangu. Sikudhani utafika kwenu uikatae.

Bwana Gitaa nimemuuliza alisema nini kwenye moto. Akakaa juu ya gunia la vitunguu. Kisha akasema, "Nilimaanisha hofu, shangazi. Nilitaka waache hofu." Amesema mara ya pili, kama anayejisomea hukumu. Anataka kukuandikia, nimemwambia angoje.

Sasa nisikilize. Uliloweka chini ni jiwe. Jiwe ulilitoa mtoni, mto hauna habari nalo. Kidonge kirudishe kwenye koo lako kilikokuwa kinakwenda. Usiniulize nimejuaje. Najua, inatosha.

Niandikie gari likirudi, uniambie umeanza. Usipoanza nitapanda tena kwenye tanki, na safari hiyo nitamwambia kaka yangu azime hiyo sauti kubwa.

Shangazi yako, mwenye harufu ya vitunguu.


Tarehe 19 Septemba

Shangazi, shikamoo tena na tena.

Natumaini goti limetulia. Huku tumepakiwa rangi mpya kwenye ngazi za jengo, rangi ya kijani kama ya hospitali, na baba amekuja na mkono wa koti wa kijani na mama hataki kuufua, anasema yeye anafua vya hoteli, vya nyumbani kila mtu na beseni lake. Mtihani wa hesabu nimepita. Ule wa lugha sijauliza.

Nimejaribu, shangazi. Jumatatu nilikiweka ulimini na nikafunga macho nikasema sasa nameza. Koo likakataa. Niliwaza: nikimeza, ni kama nimerudi pale kwenye moto gizani, nimelitafuta jiwe langu kwa mikono na kulirudisha mfukoni, na yeye ananitazama. Nikakitema. Kibiriti alikuwa nje na mluzi wake, nikamfokea, akakimbia anacheka.

Alhamisi tulikuwa mezani. Mkono wangu wa kulia uliruka wenyewe, kama umeguswa na umeme, kikombe kikaenda kugonga ukuta. Baba aliacha kutafuna. Alinitazama namna ambayo sijawahi kumwona akitazama kitu, hata zile nyaya za lifti zilizokatika alizotuonyesha. Kibiriti akasema, "Ona, dada ameifundisha chai kuruka." Mama akacheka, mimi nikacheka, tukafuta ukuta. Baba hakucheka. Aliuliza, "Dawa umemeza?" Mama akajibu kwa niaba yangu, "Kila siku, mbele yangu."

Nilienda kitandani nikajifunika mpaka kichwa, mchana.

Shangazi, usikasirike nikisema. Wewe hujui. Wewe hujawahi kuamka sakafuni na watu wamekuzunguka, usijue umefanya nini mbele yao. Kwenye chai ya kwanza nilikuwa nawatazama wote kwa pembeni. Walikuwa wanakunywa chai tu, wanapuliza, wanasinzia. Na wewe ulisimama mbele na kile kikombe chako kikubwa cha bluu, mzima kama ukuta. Wote wazima. Kambi nzima mimi peke yangu nilikuwa na kidonge kwenye kiganja. Nilikificha ndani ya ngumi kwa sababu niliamini nyinyi nyote mna imani na mimi nina dawa.

Ndiyo maana nauliza, na naomba unijibu hili kuliko mengine yote: nikimeza, ataondoka?

Ni mimi.


Tarehe 8 Oktoba

Shangazi,

Mbona kimya? Nilidhani umekasirika. Leo nimemsubiri dereva wa mikate pale dukani chini akaniambia mvua imechukua daraja la kwenu, hajavuka muda mrefu. Akafungua kile kisanduku mbele ya usukani kunionyesha: barua yangu ya mwezi uliopita iko pale pale, juu ya miwani yake. Nimesimama naitazama. Swali langu lote lilikuwa limelala hapo kando ya karanga.

Nimemwomba baba akupigie, kukusalimu tu. Simu yako imezimwa. Amesema labda umeme umekatika huko, na amesema kwa sauti ya kawaida, lakini amejaribu tena akiwa kwenye ngazi, nimemsikia.

Watu wa nyumbani hawajambo. Nimeandika hivyo kwa mazoea. Mimi sijambo pia, nikiwa nimekaa.

Nimeanguka.

Ilikuwa shuleni, wakati wa mapumziko. Kwanza nilisikia harufu ya kitu kinaungua, na hakuna kilichokuwa kinaungua. Hiyo harufu naijua. Nikatembea haraka mpaka vyooni, nikajifungia, nikashika bomba la maji. Nilianza kuomba. Najua nilianza kwa Kiswahili. Halafu hakuna kitu, shangazi, pameraruliwa. Kinachofuata ni saruji chini ya shavu langu, na sauti ya maji yanayotiririka, na damu mdomoni kwa sababu ulimi nimeuuma. Kiatu kimoja kilikuwa kimelowa. Kengele ilikuwa imeshalia, nje kimya kabisa. Hakuna aliyegonga. Hakuna aliyeniita.

Nilipoweza kukaa nilisubiri. Nilidhani yule msikilizaji wa kambini atakuja sasa, maana sasa ndiyo nimempa kila kitu. Nilisikia maji tu.

Nilinawa, nikarudi darasani, nikasema nilikuwa na tumbo. Mwalimu akasema nikae. Rafiki yangu wa dawati akaninong'oneza, "Umepauka kama chaki." Nikacheka. Nimekuwa hodari sana wa kucheka.

Sasa naogopa vyoo, naogopa ngazi, naogopa kuvuka barabara, naogopa kuoga nimefunga mlango. Usiku nalala chali nashika kingo za godoro. Na naogopa kumeza, kwa sababu nikimeza sasa itakuwa sina dawa wala sina yeye, nimeshindwa kotekote. Shangazi, kambini mlitufundisha nyimbo nyingi. Hakuna hata mmoja wa mtu aliyejifungia chooni.

Barua hii naiweka juu ya ile nyingine, kwenye kisanduku cha dereva. Zikae pamoja zisiogope.


Tarehe 20 Oktoba, asubuhi

Mwanangu, mama yangu,

Daraja wametuwekea la mbao, na gari la mikate limekuwa la kwanza kuvuka. Barua zako mbili zimenifikia pamoja. Dereva anashusha trei, nimemwambia asiondoke mpaka niandike, na ananipigia honi kwa utani. Apige. Salamu utajaza mwenyewe leo.

Kwanza: ukimaliza kusoma mstari huu, inuka, umeze kidonge kimoja, kama daktari alivyoandika. Kimoja. Usimeze viwili kufidia vilivyopita. Na kesho daktari lazima ajue. Mimi nakungoja kwenye mstari unaofuata.

Umemeza? Sasa nakujibu.

Mkono wangu wa kushoto unaujua. Hilo kovu, lile mnalonitania kwamba nilitumbukiza mkono kwenye supu ya kambi nikiitafuta nyama. Nimecheka nanyi miaka yote. Haukuungua kambini. Uliungua nyumbani kwa wazazi wetu, nikiwa na umri kama wako. Nilianguka juu ya jiko. Aliyenivuta ni baba yako, alikuwa mdogo kuliko Kibiriti alivyo sasa, alinivuta kwa nywele kwa sababu ndizo alizoweza kuzifikia. Baada ya hapo wazazi wetu walituapisha sote wawili tusiseme, maana nani angenioa. Hakunioa mtu, na kiapo tukabaki nacho kama fanicha ya urithi. Kwa hiyo baba yako anapokwambia ya ndani yabaki ndani, haoni aibu juu yako. Bado ananusa moshi wa siku ile kwenye nywele zangu.

Ndiyo. Mimi pia. Ugonjwa huo huo, na jina nitaliandika mimi kwa kuwa wewe umeliogopa: kifafa. Tazama, karatasi haikuungua.

Nilikuja kambini hapa nikiwa msichana, na mpishi wa wakati huo, mwanamke mkali mwenye vidole vifupi, aliniona nikienda nyuma ya jiko kila asubuhi kumeza kwa siri. Hakusema neno. Kesho yake akamgawia kila mtu kikombe kabla ya sala, akasema kuanzia leo hapa Mungu anaombwa na watu walioshakunywa chai. Chai ya kwanza ilianza kwa ajili yangu, mwanangu. Alitaka nisiwe peke yangu. Na mimi nilipolirithi jiko lake, nilirithi na maficho. Nasimama mbele yenu na kikombe cha bluu, na kidonge kipo humo, chini ya mdomo wangu, nakimeza mbele ya kambi nzima na hakuna anayejua. Nilijiona nimewasitiri watoto. Kumbe wewe ulikuwa unanitazama na kuhesabu kwamba uko peke yako. Na hukuwa peke yako hata kwenye duara lenu la moto. Siwezi kukutajia ni nani mwingine. Lakini vikombe visivyo na kidonge vilikuwa vichache kuliko unavyodhani.

Uliuliza, ukimeza, ataondoka?

Mimi nameza tangu kabla hujazaliwa. Nameza, ndipo naomba. Zipo asubuhi nyingi nisizosikia kitu, nasikia sufuria tu. Sikufichi. Hata hivyo sijawahi kufika kwenye hilo jiko nikakuta ameondoka. Na pale chooni, hukusikia ila maji. Mimi sikuwepo, siwezi kukueleza. Ninachojua ni kwamba ulianguka kwenye saruji, mlango umefungwa, hakuna mtu, na ukaamka. Nimeanguka mara nyingi, najua jinsi ilivyo rahisi kutoamka. Siwezi kulifafanua zaidi ya hapo na sitaki kulifanya hubiri.

Bwana Gitaa amekaa hapa mlangoni. Anasema nikuandikie kwamba Desemba atawasha moto tena na atasema alichokusudia kusema, kwa maneno yaliyonyooka, na atataja dawa. Nimemwambia asipotaja atakula masizi. Na mimi Desemba kidonge changu nitakiweka kwenye kiganja, juu, wote wakione, kabla sijakimeza. Atakayetaka kuweka chake kwenye kiganja aweke. Asiyetaka atakunywa chai yake. Nitatetemeka, najua. Nataka uwepo uone shangazi yako akitetemeka.

Sasa la mwisho, na hili si ombi. Jioni hii, kaka yangu akitoka kazini, nitakuwa kwenye tanki la maji. Simu nimeichaji kwa betri ya gari la mikate. Nitamwambia yote, yako na yangu. Ningepaswa kumwambia siku ile ya kwanza, nikaogopa mluzi wa mtoto. Barua hii itakufikia mchana. Nimekuachia hapo katikati ili umwambie wewe kwanza, kwa mdomo wako, ukiweza. Usipoweza, hutakuwa umekosa. Utakuwa umeogopa tu, na mimi nitakuwa nimeshafika kabla yako.

Honi tena. Nenda, mama. Kwenye kikombe.


Tarehe 20 Oktoba, jioni

Shangazi,

Shikamoo. Salamu nimejaza mwenyewe, kama ulivyosema: mama yuko kazini, hoteli ina wageni wengi. Kibiriti yuko hapa kwenye kitanda changu na viatu vyake. Baba hajarudi.

Barua yako nilipewa kwenye ngazi, nikaisoma nimekaa hapo hapo kwenye ngazi za kijani. Nilipofika kwenye ule mstari nilikwenda jikoni. Kopo la vidonge liko kabatini nyuma ya majani ya chai. Nilimimina maji. Mikono ilikuwa inatetemeka na sikujua kama ni hofu au ndiyo yenyewe inakuja, ndipo nikaogopa zaidi. Nikameza. Kilishuka kwa shida, kama kimesahau njia.

Kisha nikasimama pale kwenye sinki nikiwa na glasi, nikangoja nione nani anaondoka.

Kibiriti alikuwa mlangoni. Akasema, "Leo umemeza kweli. Nimeona koo limepanda likashuka."

Nikamwuliza alikuwa anajua tangu lini. Akasema alikiona kimoja kwenye tundu la bafu siku nyingi, kimekwama, hakijayeyuka. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mama. Akasema, "Ungenipiga." Halafu akasema, "Lakini nilikuwa nakuja na mluzi. Nikipiga unanifokea. Ukinifokea najua hujaanguka."

Shangazi, nililia hapo hapo, akashtuka mno, akadhani naanguka, akanishika kiuno kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia kabati. Sijui kama hilo ni jibu. Nilikuwa nangoja msikilizaji aje mlangoni kwangu, na kila asubuhi kulikuwa na mtu nje ya mlango, ana pengo, namfukuza.

Niliomba. Kwa Kiswahili. Nilisema tu kwamba nimemeza na naomba asiondoke. Sikusikia kitu, ila friji. Lakini sikujisikia nimevuliwa sweta. Niliwaza wewe kwenye jiko lako na sufuria, husikii kitu, na unachemsha chai hivyo hivyo. Nikasema basi na mimi.

Nilikuwa nimejipanga kumwambia baba akifika tu. Nimefanya mazoezi kwa lugha ya shule, yakatoka vizuri sana, sentensi zote zimenyooka. Kwa Kiswahili sijavuka neno "Baba." Kwa hiyo nimeamua kukuandikia wewe kwanza ili mkono upate moto.

Mlango wa chini umebamizwa. Ndiye. Namjua anavyopanda, anaburuta mguu wa upande wa mfuko wa spana. Kibiriti ameruka kutoka kitandani amekwenda kufungua.

Simu yake inalia. Ngazi za kati, hapo anapopumzikia. Umewahi, shangazi. Umeniacha kidogo sana hapo katikati, au ni mimi niliyeandika polepole.

"Dada! Uko hai! Subiri nikuweke sauti ku—"

Nasikia sauti yako ndogo kama nyuki kwenye chupa, na simsikii yeye kabisa. Sasa amesema, "Lini?" Sasa amesema, "Shuleni?" Sasa ameanza kupanda tena, haraka, mfuko ameuacha, nimeusikia ukianguka na spana zote zikimwagika kwenye ngazi, na hakurudi kuziokota.

Yuko kwenye korido. Siku zote hapa ndipo ninapoisukuma karatasi chini ya atlasi. Atlasi iko hapa kando ya kiwiko changu, imefunguka kwenye ramani ya bahari, inaenea vizuri juu ya ukurasa wote, na mkono umeshakwenda kuishika kabla sijauambia.

Amesimama nje. Haingii. Nasikia anahema. Ameweka mdomo kwenye ufa wa mlango, shangazi, na anasema yale maneno anayowaambia waliokwama, ila sauti inatetemeka, sijawahi kuisikia ikitetemeka.

Nimeirudisha atlasi kwenye rafu. Karatasi iko katikati ya meza, wino haujakauka. Nakwenda kumfungulia